Si Lazima Uozo Wote Utoke

Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya meno, iwe Mwanza au Mombasa, usikilize wagonjwa wanavyozungumza wakisubiri kuitwa. Wapo watakaokwambia jino likishatoboka dawa yake ni kung'oa, mambo yaishe. Wapo na wengine, hawa wamesoma zaidi, watakaokwambia jino linazibika, ila sharti daktari achimbe mpaka uozo wote uishe. Akibakisha hata chembe, itaendelea kulila jino chini kwa chini, na siku moja utaamka shavu limevimba.

Kauli ya kwanza madaktari wa meno wanaipinga kila siku redioni na mashuleni, na sina haja ya kuirudia. Ninayotaka kuipinga ni ya pili. Inaheshimika, ina sura ya usafi na umakini, na hata baadhi ya wanaoshika mashine wenyewe bado wanaiamini. Lakini ndiyo inayomrudisha mgonjwa kwenye koleo. Mashine ikiufuata uozo mkubwa mpaka mwisho wake hufika kwenye kiini, ile nyama laini ya katikati yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini kikishafunuliwa, mara nyingi jino litadai tiba ya mzizi: kwenda na kurudi kliniki, picha za eksirei, na bei ambayo mkulima au mama lishe hana. Hapo ndipo anapouliza, kung'oa ni shilingi ngapi? Jino lililoingia kliniki likiwa linaokoleka linaishia kwenye sahani ya chuma.

Tuanze na uozo wenyewe. Watu wengi husema meno yameliwa na wadudu, na picha hiyo ya mdudu aliyejificha ndani ndiyo inayofanya kuchimba mpaka mwisho kuonekane jambo la akili: mdudu asipotolewa, atazidi kula. Ukweli ni kwamba hakuna anayelila jino. Bakteria wanaoishi kwenye utando unaoganda juu ya meno hula sukari ileile tunayokula sisi, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino, kalsiamu na fosfeti. Mate huyarudisha, na dawa ya meno yenye floraidi huyaongezea nguvu. Kila unapokunywa chai ya sukari au soda madini hutoka, na kinywa kikitulia hurudi. Tundu hutokea pale yanayotoka yanapoyazidi yanayorudi kwa miezi na miaka. Uozo basi ni mwenendo, na mwenendo huo unategemea chakula kuwafikia bakteria. Ukikata njia ya chakula, unadorora na kusimama.

Jambo la pili ambalo kauli hii hailitambui ni kwamba si kila sehemu iliyolainika imekufa. Mjapani Takao Fusayama na wenzake wa Tokyo walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba dentini iliyooza, yaani ile sehemu iliyo chini ya gamba gumu la nje, ina matabaka mawili. La juu ni teketeke, limelowa, limejaa bakteria, na nyuzi zake za protini zimeharibika kabisa. Hilo halina marejeo. La chini limelainishwa na asidi tu. Bakteria ni wachache, nyuzi bado zimeshikana, na madini yanaweza kurudi. Chini yake tena kipo kiini, ambacho kiko hai na hakikai bure: kinajijengea dentini mpya upande wa ndani, kujikinga na hatari inayokuja. Anayechimba mpaka mwisho huondoa tabaka ambalo lingepona na kukifikia kiini kilichokuwa kikijikinga.

Rangi nayo hudanganya. Dentini nyeusi iliyokauka na kuwa ngumu mara nyingi ni uozo uliokwisha kusimama wenyewe, na ile ya manjano iliyo laini ndiyo inayoendelea. Watu wa Arusha na Meru wanalijua hili kwa namna yao: maji yenye floraidi nyingi ya maeneo yale huyapa meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na mtu akaishi na meno hayo bila tundu hata moja. Anayehukumu jino kwa weusi wake atachimba yasiyohitaji kuchimbwa.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1859 Mwingereza John Tomes aliandika kwamba ni heri kuacha tabaka la dentini iliyobadilika rangi likikinge kiini kuliko kuliweka jino zima hatarini. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1908, Mmarekani G. V. Black akashika upande wa pili: heri kiini kifunuke kuliko kukiacha kimefunikwa na dentini iliyolainika. Black ndiye aliyeshinda. Vitabu vyake vilifundisha vizazi kwa vizazi, pamoja na ile kanuni yake ya mwaka 1891 kwamba tundu lipanuliwe mpaka kwenye sehemu za jino ambazo bado ni nzima, ili kuzuia uozo wa baadaye.

Simdharau Black. Alifanya kazi kwa kile alichokuwa nacho, na kwa magego alikuwa na amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na fedha, bati na shaba. Amalgamu haishiki jino. Ili ikae, tundu lazima lichongwe liwe pana chini kuliko mdomoni, kuta zisimame wima, na kina kitoshe chuma kisivunjike. Tena Black aliishi kabla floraidi haijaingia kwenye dawa za meno, wakati jino lililoanza kuoza lilikuwa na matumaini madogo ya kusimamisha uozo. Sehemu kubwa ya uchimbaji uliofundishwa kwa karne nzima ilikuwa ni matakwa ya chuma. Jino lenyewe halikuuhitaji. Kosa letu ni kwamba vifaa vilibadilika, sisi tukabaki na sheria za vifaa vya zamani.

Vilibadilika London. Mwaka 1972 Alan Wilson na Brian Kent, wa Maabara ya Mkemia wa Serikali ya Uingereza, walitangaza kwa madaktari wa meno simenti mpya: unga wa glasi ya aina maalumu unaochanganywa na maji ya asidi, ukaganda mdomoni kwa dakika chache. Inaitwa glasi ionoma. Inaungana kikemia na kalsiamu ya jino, haina haja ya tundu la kuinasa. Inastahimili unyevu kuliko vijazo vingine vya rangi ya jino, na inatoa floraidi polepole kwenye kuta zinazoizunguka. Kwa simenti hii mtu aliweza kuziba tundu kama lilivyo, bila kulichonga kwa ajili ya kizibo.

Na hapa Tanzania inaingia, jambo ambalo watoto wetu hawafundishwi. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa kwa jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daktari Mholanzi Jo Frencken alianza kuziba meno ya watu kwa vifaa vya mkono peke yake. Vijijini hapakuwa na umeme wala maji ya kuendeshea mashine, na jino bila mashine lilikuwa na hatima moja tu. Njia hiyo ilipelekwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993 ikajaribiwe kwa utafiti mpana, glasi ionoma ikawa ndiyo dawa yake ya kuzibia, na mwaka 1994, kwenye Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Kwa Kiingereza inajulikana kwa herufi tatu, ART. Imezaliwa kwetu, na bado wapo wanaoiona ni tiba ya shamba.

Tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu, maana wanaoibeza wengi hawajapata kuiona ikifanywa na mkono uliofundishwa. Mtoto analala chali, hata juu ya meza ya darasani. Tabibu anaweka viringo vya pamba kati ya shavu na fizi, mate yasifike. Kama mdomo wa tundu ni mdogo, anaupanua kwa kishoka kidogo chenye makali, akikizungusha huku na huku mpaka gamba jembamba la ukingoni linavunjika. Kisha anachukua kijiko cha kukwangua, chenye kichwa kidogo kuliko punje ya mtama. Anaanza pembeni, pale gamba la nje linapokutana na dentini, na hapo hana huruma: anakwangua mpaka kuta zote ni ngumu na safi. Uozo wa juu unatoka kwa mabonge yaliyolowa. Akielekea sakafuni, karibu na kiini, mkono unabadilika. Kinachotoka sasa ni vipande vikavu vyembamba, na kijiko kinaanza kukutana na ukinzani kama wa ngozi. Hapo anasimama. Sakafu hiyo ya ngozi anaiacha kwa makusudi.

Anapaka asidi laini kwa sekunde kumi na kitu, anafuta kwa pamba yenye maji, anakausha kwa pamba nyingine. Anakoroga unga na maji yake kwa kasi, kwa sababu simenti inapaswa kuingia tunduni ikiwa bado inang'aa. Ikishafifia, haishiki tena. Anaijaza, anapaka vaselini kwenye kidole chenye glovu, anakandamiza juu ya jino zima mpaka simenti inaingia hata kwenye mifereji midogo ya gego iliyokuwa bado mizima. Ziada inaondolewa, mtoto anaumanisha meno kupima kimo, na anaambiwa asile kwa saa moja. Mara nyingi hakuna sindano ya ganzi, kwa sababu sehemu inayokwanguliwa imekwisha kupoteza hisia.

Umuhimu wote uko kwenye zile kuta za pembeni. Zikiwa safi, kizibo kinashika pande zote na sukari haipiti. Bakteria waliobaki sakafuni wanakosa chakula, wengi wanakufa, waliosalia hawana nguvu ya kufanya lolote. Na haya yamepimwa. Mwaka 1998 Eva Mertz-Fairhurst na wenzake wa jimbo la Georgia, Marekani, walitoa matokeo ya miaka kumi ya kuziba meno kwa komposaiti, kijazo kingine cha rangi ya jino, juu ya uozo ulioachwa tunduni kwa kusudi. Walifanya kile ambacho kila kitabu kilikataza. Kwa muda wa miaka hiyo kumi, chini ya vizibo vilivyobaki vimeshika, uozo haukuendelea.

Anayesema utafiti mmoja hautoshi ana haki. Mwaka 2010 watafiti wa Denmark na Sweden walilinganisha watu wazima waliochimbwa uozo mzito wote kwa siku moja na waliochimbwa kwa awamu mbili, baina yake jino likizibwa lipumzike. Baada ya mwaka mmoja viini vilikuwa hai na vizima kwa asilimia 74.1 ya waliokwenda kwa awamu, na 62.4 ya waliochimbwa mara moja. Brazil, Marisa Maltz na wenzake wakauliza swali kali zaidi: hiyo awamu ya pili ina faida gani? Baada ya miaka mitatu, meno yaliyoachiwa uozo sakafuni na kuzibwa moja kwa moja yalikuwa na viini hai kwa asilimia 91. Yale ya awamu mbili, asilimia 69. Wengi walioharibikiwa katika kundi la pili hawakurudi kumaliziwa. Kwa nchi ambako nauli ya kurudi mjini ni hesabu ya wiki, tokeo hili lina uzito kuliko yote. Mwaka 2016, kundi la wataalamu wa kimataifa waliokuwa wamekutana Leuven, Ubelgiji, likachapisha makubaliano yake: kuchimba mpaka dentini ngumu kila mahali ni kutibu kupita kiasi, na hakupendekezwi tena.

Kwa meno ya utoto ushahidi unashangaza zaidi. Norna Hall, daktari wa meno wa Scotland, alikuwa akifunika magego ya watoto yaliyooza kwa kofia za chuma zilizojazwa glasi ionoma, bila kuchimba chochote, bila ganzi. Nicola Innes na Dafydd Evans wa Dundee wakaijaribu njia yake kwa utafiti wa kulinganisha, ndani ya mdomo wa mtoto mmoja, jino moja likizibwa kwa kawaida na jingine kwa kofia. Matokeo ya miaka mitano yalitoka mwaka 2011: maumivu au usaha yaliyapata asilimia 3 ya meno yenye kofia, na asilimia 16.5 ya yaliyozibwa kawaida. Chini ya kofia, uozo wote ulikuwa umeachwa ndani.

Najua pingamizi linalofuata, na ni la haki: vizibo hivi vya mkono vinadumu? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2012 unajibu kwa sehemu mbili. Kwa meno ya ukubwani yenye tundu la upande mmoja, asilimia 85 ya vizibo vilikuwa vizima baada ya miaka mitatu, na 80 baada ya mitano. Hapo hakuna cha kuona haya. Lakini tundu likiwa limekula pande mbili au zaidi za jino la utoto, vilivyosalia baada ya miaka miwili vilikuwa asilimia 62 tu. Na Kenya, Arthur Kemoli wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifuatilia watoto wa shule wa Matungulu na Mitaboni, Machakos, waliozibwa matundu yaliyo katikati ya jino na jino, akakuta baada ya miaka miwili vizibo vimebaki asilimia 30.8.

Tarakimu hiyo ya mwisho haifai kufichwa na mtu yeyote anayeitetea njia hii. Inaumiza. Lakini isomwe vizuri. Kilichoshindwa Machakos ni kizibo: kimevunjika, kimetoka, kimelika, mahali ambapo mtafuno hukandamiza kwa nguvu zaidi, ambapo damu ya fizi na mate huingia kirahisi, na ambapo kijiko hakifiki sawasawa. Haikuwa hoja ya kuchimba zaidi. Tundu lililochimbwa zaidi lingekuwa na kuta dhaifu zaidi. Kwa matundu ya namna hiyo kwa watoto, kofia ya chuma ndiyo jibu, na tumeona jinsi inavyofanya kazi. Glasi ionoma nayo ichaguliwe ile nzito iliyotengenezwa kwa kazi hii, ikorogwe kwa kipimo. Unga ukipunguzwa ili simenti iwe laini na rahisi kupaka, kizibo kitakuwa hafifu hata mkono uwe hodari vipi.

Ipo pia mipaka ambayo hakuna mbinu ya kuivuka. Jino linalokuamsha usiku kwa maumivu yasiyosababishwa na chochote, lenye uvimbe kwenye fizi au kitundu kinachotoa usaha, kiini chake kimekwisha kufa au kinakufa. Kuliziba hilo juu juu ni kufungia usaha ndani. Hilo linataka tiba ya mzizi au kung'olewa, na daktari anayejua kazi yake atachunguza kwanza kabla ya kushika kijiko.

Haya yote yanakuja wakati muhimu. Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulianza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2025, jijini Geneva, nchi wanachama zilikubaliana amalgamu ya meno ifike mwisho wake ifikapo 2034. Hospitali nyingi zitalazimika kuchagua cha kuweka mahali pake. Hofu yangu ni kwamba tutakimbilia komposaiti kwa sababu inang'aa na inaonekana ya kisasa. Komposaiti ni nzuri, lakini inadai mahali pakavu kabisa, gundi yake, taa ya kuigandisha, na kuwekwa tabaka kwa tabaka. Mate yakiigusa kabla haijaganda, itavuja, na kizibo kinachovuja huirudishia sukari njia yake. Kwenye kituo cha afya kisicho na umeme wa uhakika, glasi ionoma iliyowekwa vizuri kwa mkono itamfaa mgonjwa kuliko komposaiti iliyowekwa vibaya kwa mashine. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na dawa ya meno ya floraidi. Wanaoagiza dawa za zahanati zetu waiweke kwenye orodha zao pia, na matabibu wa meno wapewe vijiko na vishoka vyenye makali, kwa sababu kijiko butu hakikwangui, kinakandamiza.

Nawe mzazi, ukimpeleka mwanao akiwa na jino lililotoboka lakini halijaanza kumnyima usingizi, usianze kwa kuuliza bei ya kung'oa. Muulize daktari kama kiini bado ni kizima, na kama tundu linaweza kufungwa bila kukifikia. Akikuambia kuna uozo kidogo ameuacha sakafuni kwa makusudi na kuuziba juu, usimtafute daktari mwingine wa kuchimba zaidi. Mrudishe mtoto kwa tarehe aliyopangiwa, kizibo kikaguliwe, na ukiona kimepasuka au kimetoka kabla ya siku hiyo, mpeleke mara moja.